Kigelegele cha Mama na Redio ya Gari

Mama yangu ameimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wetu hapa Moshi tangu kabla sijazaliwa. Miaka michache iliyopita kwaya yao ilifanya tamasha jioni ya Jumatatu ya Pasaka, na kijana aliyekuwa akisimamia vyombo akalirekodi lote bila kuzima kinasa sauti hata mara moja. Baadaye rekodi hiyo ya dakika 71 ilikatwa vipande 14, kila wimbo ukawa faili lake la MP3, na wanakwaya wakagawiwa kwa flashi. Niliichukua flashi ya mama nikaichomeka kwenye redio ya gari, kwa kuwa ndani ya gari ndimo ninamopata nafasi ya kusikiliza kitu kwa utulivu: kila wiki ninakwenda Arusha na kurudi, kilomita takriban 80 kila upande, na kwa wingi wa vijiji, matuta na vibao vya kilomita 50 kwa saa kuanzia Kwa Sadala hadi Tengeru, safari hiyo inalitosha tamasha zima na bado muda ukabaki.

Wimbo wa sita wa tamasha hilo hauishii kimya. Waimbaji wanaponyamaza, mpiga ngoma anaendelea kupiga taratibu chini ya makofi, akina mama wa safu ya mbele wanapiga vigelegele, na katikati ya shangwe hiyo hiyo mwalimu wa kwaya anatoa sauti za wimbo wa saba: do, so, mi, do. Aliyekata faili alipitisha kisu chake juu ya vigelegele, na kigelegele kirefu kuliko vyote ni cha mama yangu. Ninakijua, nimekisikia kwenye harusi na ubatizo maisha yangu yote. Kwenye kompyuta ya nyumbani kinatoka kizima. Kwenye redio ya gari kinafika nusu, kinazimika ghafla kama taa umeme unapokatika, ngoma nayo inapotea, kisha baada ya kimya kinachokaribia sekunde moja mkia wa kigelegele unajitokeza peke yake, na ngoma inaingia ikiwa imepoteza pigo lake.

Siku niliyompeleka mama kliniki Arusha tulikuwa tumeshaipita Boma Ng'ombe pale mahali palipofika. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kiti, akiimba sauti ya pili kwa mdomo uliofumba. Akainua kichwa, akaitazama redio. "Mbona wamenikata, mwanangu? Mimi sikuishia hapo."

Nilianza kulishughulikia jambo hili siku hiyo. Zipo nyimbo ambazo kimya cha katikati hakizidhuru, kwa sababu zilirekodiwa studio moja moja na kila moja huisha kwa kufifia. Lakini tamasha la kwaya, ibada, kaswida za maulidi, taarabu inayopigwa mbele ya watu wanaoinuka kwenda kumtunza mwimbaji huku vyombo vikiendelea, au miksi ya diskijoki aliyekesha akiunganisha mapigo, vyote hivyo ni kitambaa kimoja kilichofumwa bila mshono. Namba za nyimbo tumezitia sisi ili tupate kuufikia wimbo tunaoutaka. Hazikuwekwa ili mashine ipate mahali pa kupumzika.

Nilichojifunza kwanza, na ambacho kingeniokolea wiki mbili ningekijua mapema, ni kwamba pengo hilo lina wazazi wawili, na kila mmoja ana dawa yake. Mzazi wa kwanza ni faili lenyewe. Kiwango cha MP3, kilichochapishwa mwaka 1993, hubana sauti kwa mafungu ya ukubwa mmoja yanayoitwa fremu, na kila fremu ina sampuli 1,152, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti. Sauti ya ubora wa CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni kama milisekunde 26. Wimbo hauishi palepale fremu inapojaa, hivyo programu inayobana hujaza nafasi iliyobaki kwa ukimya. Mwanzoni pia kuna ukimya, kwa sababu hesabu za kubana na kufungua zinahitaji sampuli kadhaa za kuanzia: programu ya LAME, ambayo wengi wetu tumeitumia hata bila kujua jina lake, huongeza 576, na upande wa kufungua huongeza 529. Kiwango chenyewe hakikuweka mahali pa kuandika urefu halisi wa wimbo, na ndiyo maana LAME ilibuni alama ndogo inayokaa kwenye fremu ya kwanza na kusema: kata sampuli hizi mwanzoni na hizi mwishoni. Mashine inayoisoma alama hiyo huunganisha nyimbo barabara. Isiyoisoma hukuchezea na ukimya pia. Faili za FLAC, zinazobana sauti bila kupoteza kitu, hazina tatizo hili, kwani zinahifadhi idadi kamili ya sampuli, na WAV, isiyobana sauti, ni hivyo hivyo.

Mzazi wa pili ni mashine. Redio nyingi za gari zinapofika mwisho wa faili hulifunga, hurudi kwenye orodha ya flashi kutafuta linalofuata, hulifungua, husoma jina la wimbo na la mwimbaji ili ziyaonyeshe kwenye kioo, hujaza kumbukumbu yake ya muda, na ndipo sauti huanza kutoka. Baadhi yake hata huzima spika kwa makusudi wakati huo wote ili msikilizaji asisikie mikwaruzo. Mashine inayotaka kuunganisha nyimbo lazima ilifungue faili la pili kabla la kwanza halijaisha, na uamuzi huo ulifanywa na walioiandikia redio programu yake, mbali sana na Kilimanjaro na miaka mingi iliyopita. Hakuna kitufe cha kuubadilisha.

Sasa, utajuaje ni mzazi yupi anayekusumbua? Niliwaona watu wakishauriana kubadilisha MP3 kuwa FLAC kana kwamba hiyo ni dawa ya kila gari, nami nikataka kupima kabla ya kuhangaika. Nilifungua programu ya kuhariri sauti ya Audacity, ambayo ni ya bure, nikatengeneza mlio mmoja mnyoofu wa hezi 440 wenye urefu wa dakika moja, mlio usiopanda wala kushuka. Nikaukata katikati, nikauhifadhi mara mbili, jozi moja ya MP3 na jozi moja ya WAV, nikaweka zote kwenye flashi. Ubora wa mlio wa namna hii ni kwamba hauna mahali pa kujificha. Hata tundu la sindano hulisikii tu bali hulihisi sikioni. Usiku, nikiwa nimeegesha uani na kuzima injini, niliiweka simu juu ya dashibodi ikirekodi, nikaucheza mlio. Kisha nikaifungua rekodi ya simu ndani ya Audacity, nikaivuta karibu mpaka mawimbi yakaonekana kama meno ya msumeno, na pale katikati palikuwa na uwanja mtupu. Kwa jozi ya MP3 uwanja huo ulikuwa na upana wa sekunde 0.74. Kwa jozi ya WAV ulikuwa sekunde 0.69.

Tofauti yake ni milisekunde 50, na hapo nilitulia kidogo kuzitazama namba hizo, kwa sababu zilikuwa zimenijibu kila kitu. Ukimya unaoletwa na MP3 haufiki hata sehemu ya kumi ya sekunde, na mimi nilikuwa na pengo linalokaribia robo tatu ya sekunde. Faili lilikuwa na hatia ndogo, redio ilikuwa na hatia kubwa. Ningebadilisha faili zangu zote kwa usiku mzima na mama angeendelea kukatwa vilevile. Ninamshauri kila mwenye tatizo hili aanze na mlio huu wa dakika moja kabla hajatumia hata shilingi.

Nilikwenda pia kwa fundi wa redio za magari pale mjini, maana mwenye kujua ni yule anayezifungua kila siku. Gari langu ni la kutoka Japani kama yalivyo mengi barabarani kwetu, na redio yake ni ile ile iliyotoka nayo: maandishi ni ya Kijapani, na masafa yake ya FM yanaanzia megahezi 76 na kuishia 90, hivyo stesheni nyingi za kwetu zilizo juu ya hapo haizipati bila kifaa cha kushushia masafa. Fundi aliitazama kwa huruma. "Dada yangu, hii itoe. Nikuwekee ya Android, kioo kikubwa, kila kitu humo humo." Nilimwomba kwanza aniruhusu nijaribu flashi yangu kwenye ile aliyoiweka mezani kwa maonyesho, naye akakubali. Kicheza muziki kilichokuja nayo kiliacha pengo, fupi kuliko la redio yangu lakini la wazi kabisa, na fundi mwenyewe, aliyekuwa ameshika bisibisi, akageuka kutazama. Tulipoweka programu ya Musicolet, mlio ulipita bila alama yoyote. Mfumo wa Android wenyewe ulipewa uwezo wa kuandaa wimbo unaofuata kabla wa sasa haujaisha tangu toleo la 4.1, mwaka 2012, lakini uwezo huo haufanyi kazi mpaka aliyeandika kicheza muziki autumie. Kwa hiyo anayefikiria kununua redio mpya kwa sababu hii aende dukani na mlio wake mfukoni, na asitosheke na ukubwa wa kioo.

Kwa wenye redio yenye Bluetooth ya muziki, au tundu la AUX, njia ni nyepesi zaidi. Hapo simu ndiyo inayofungua faili na kuyaunganisha, na redio inapokea mkondo wa sauti unaotiririka tu, bila kujua wimbo upi umeisha na upi umeanza. Simu ikiunganisha vizuri, gari linaunganisha vizuri. Yangu haina vyote viwili. Nilijaribu kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti na kurusha sauti ya simu kwa FM, na kwa upande wa pengo kilifaulu, kigelegele kikatoka kizima. Lakini redio yangu inaishia 90, na katika sehemu hiyo nyembamba iliyobaki kila kilima kilileta mkwaruzo wake. Sauti ya pili ya kwaya, ambayo kwa kawaida hufunikwa na ya kwanza hata watu wakiwa mbele yako, ilipotea kabisa ndani ya mchanga huo.

Njia ya kuunganisha tamasha zima kuwa faili moja refu la MP3 inafaa kwa kila redio, na kwa mtu anayetaka kusikiliza tu ni dawa tosha. Nilimtengenezea mama, akalisikiliza, akafurahi, halafu akaniuliza atafikaje wimbo wa tisa, kwa sababu walikuwa wakiurudia mazoezini. Kwa faili moja haiwezekani, labda kubonyeza kitufe cha kusogeza mbele na kukisia. Alitaka namba za nyimbo zibaki, na kigelegele kibaki. Nami niliona ana haki.

Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote, ule upenyo mwembamba juu ya kioo cha redio ambao nilikuwa sijautumia hata siku moja. CD ilipoingia sokoni huko Japani mwaka 1982 haikuwa na faili kabisa. Sauti kwenye CD ya muziki ni mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati kwenda nje, na nyimbo ni alama tu zilizoandikwa pembeni: wa saba unaanzia hapa. Mashine ikifika kwenye alama haina cha kufunga wala cha kufungua, inaendelea kusoma. Jambo ambalo redio za flashi zinahangaika nalo, CD ilizaliwa nalo tayari. Sharti ni moja, kwamba CD ichomwe kama CD ya muziki, si kama mfuko wa faili za MP3, na ichomwe kwa mkupuo mmoja.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, na kosa lao halionekani mpaka usikilize. Programu za kuchoma CD zina namna mbili zinazoandikwa kwa herufi TAO na DAO. Kwa TAO mwali wa kuandikia huzimwa kila wimbo unapoisha na kuwashwa tena kwa unaofuata, na katikati huachwa sekunde mbili za ukimya, yaani hali mbaya kuliko ya flashi yangu. Kwa DAO mwali hauzimwi mpaka diski nzima iishe. Chagua DAO. Ukiona pia mahali pa kuweka muda wa kupumzika kati ya nyimbo, andika sifuri.

Lipo na jambo dogo la pili ambalo limenifundisha kuheshimu kazi hii. CD hugawa sekunde moja katika sekta 75, kila sekta sampuli 588, na alama ya wimbo haiwezi kuwekwa katikati ya sekta. Ukichoma nyimbo zilizokatwa mahali popote, programu itajaza sekta ya mwisho ya kila wimbo kwa ukimya ili itimie, na utasikia kitu kama kidole kinachogonga meza mara moja. Kwa hiyo sikuchoma faili 14. Kwanza niliziunganisha zote kuwa WAV moja kwa programu ya foobar2000, ambayo huiheshimu ile alama ya LAME na kukata sampuli za ziada kama ilivyoagizwa. Nikaenda kutazama mshono wa sita na saba ndani ya Audacity. Mawimbi yalikutana. Kigelegele kilipita pale kama mto unavyopita chini ya daraja, na sikuweza tena kuonyesha kwa kidole mahali kisu kilipopita.

Kisha niliandika faili dogo la maneno, lile la aina ya CUE, linaloiambia programu ya ImgBurn alama ziwekwe wapi. Muda wake huandikwa kwa namba tatu, na ya tatu si sehemu ya mia ya sekunde kama nilivyodhani mwanzo, ni sekta, kuanzia 00 hadi 74. Wimbo wa saba niliuandikia 31:24:50, maana yake dakika ya 31, sekunde ya 24, sekta ya 50. Na kwa kuwa alama inaweza kukaa popote nipendapo ilimradi ni mwanzo wa sekta, niliisogeza mbele kidogo kutoka alipokuwa amekata yule kijana, ikakaa kabla tu ya mwalimu kutoa ile do ya kwanza. Anayeruka kwenda wimbo wa saba sasa anaanza na sauti za mwalimu. Anayesikiliza moja kwa moja hajui kama kuna kitu.

WAV hiyo ilikuwa na megabaiti 750 hivi, na diski imeandikwa 700, nami niliingiwa na wasiwasi nikadhani haitaingia. Inaingia. Sekta ya data hubeba baiti 2,048 na nafasi nyingine hutumika kulinda data isiharibike, lakini sekta ya muziki hubeba baiti 2,352 za sauti, na kinachohesabiwa ni dakika: diski ya kawaida inabeba dakika 80. Nilinunua CD tupu kwenye duka la vifaa vya ofisi, nikaazima mashine ya kuchomea ya nje kwa jirani, kwa kuwa kompyuta za siku hizi hazina, nikachoma kwa mwendo wa taratibu. Nilianza na ule mlio wa hezi 440 kabla ya kwaya, nikaurekodi kwa simu kama kwanza. Meno ya msumeno yalikuwa mstari mmoja, mwanzo hadi mwisho.

Udhaifu wa CD ni barabara mbovu, na sitauficha. Kwenye lami ya kwenda Arusha sijasikia ikiruka, lakini nilipopanda njia ya mawe kwenda kwa shangazi yangu Kibosho iliruka mara mbili. Jua nalo ni adui, hivyo ninaiweka kwenye mfuko wake ndani ya droo ya gari, si juu ya dashibodi.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda tena kliniki. Sikumwambia kitu. Tulipita Boma Ng'ombe, tukaikaribia njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, wimbo wa sita ukaisha, makofi yakapanda, ngoma ikaendelea chini yake. Mama alinyamaza kuimba, akasubiri. Kigelegele kikaanza, kikapanda, kikageuka pale juu kama anavyokigeuza siku zote, kikashuka chenyewe mpaka kikaisha pumzi, na mwalimu akatoa do. Mama akaipokea sauti yake na kuuingia wimbo wa saba pamoja na wenzake.

Tulipofika Usa River aliniuliza kama diski hiyo inaweza kutengenezwa nyingine. Sauti ya pili wako tisa, akasema, na wanne kati yao wana redio za CD nyumbani. Nimeshanunua diski kumi.